Kitufe cha Tunza

Kibiti, 14 Februari 2025

Shangazi Semeni,

Shikamoo. Najua ukiiona bahasha utacheka, useme huyu mtoto ana simu mbili lakini ananiandikia karatasi, karogwa nini? Sijarogwa. Nitakwambia.

Hapa Kibiti sijambo, nakula, nalala, ingawa kulala siku hizi ni kwa kujilazimisha. Joto la mwezi huu limezidi. Chumba nilichopanga nyuma ya soko kina dirisha moja tu, na hilo moja nalifunga. Mguu wa baba unaendeleaje? Nimempa Ukasha, mume wa Mashavu, dawa ya kuchua pamoja na barua hii, maana boti yake ndiyo inayoondoka Nyamisati leo. Mwambie baba ajichue mwenyewe, asimwonjeshe kila jirani.

Sasa sababu ya karatasi. Kazi yangu unaijua, ile kampuni ya mchezo wa simu, Bonde la Punje, huo mnaoucheza barazani kwa Mashavu panaposhika mtandao. Mimi ndiye ninayegeuza maneno ya mchezo kuwa Kiswahili na kuwajibu wachezaji wanapokwama. Simu niliyopewa ni ya kampuni, na ile yangu nayo nimeiunganisha humo humo. Nikikuandikia kwa simu, meneja wetu Haidari anaweza kusoma, na hili sitaki alisome.

Naomba unijibu swali moja, shangazi, bila kunitania. Ukimaliza kuvuna kwenye mchezo, anatokea yule mwanamke anayecheza ngoma, na chini yake kuna kitufe kimeandikwa TUNZA. Mnapokibonyeza, mnadhani punje zenu zinakwenda wapi?

Usiwaulize wenzako. Nijibu wewe. Nina hofu na sijui kama ni ya bure.

Mwanao,
Yasmini


Kiongoroni, 2 Machi 2025

Yasmini mwanangu,

Marahaba. Leo tumeanza mfungo, nakuandikia kabla kichwa hakijaanza kunigonga kwa kukosa chai. Kwa hiyo ukikuta maneno makali usisingizie chai, ni miye mwenyewe.

Uvimbe wa baba yako umepungua. Dawa kaipenda mno, na majirani watatu wameshaijaribu. Nguruwe wameingia tena mpunga wa shoga yangu Mwanaamina, tumekesha tukipiga madebe mpaka mikono imekufa ganzi. Yeye analia, miye nacheka, ndivyo tulivyo.

Nakuja kwenye swali lako. Hivi weye umekulia wapi? Zinakwenda wapi! Si zinakwenda kwa anayecheza? Mwanamke anatoka mbele za watu, anakatika, anaitikia, wataka tukae tunamtolea macho kama watu waliokosa malezi? Tunamtunza, tunampa chake mkononi. Kwenye harusi tunatunza, kwenye unyago tunatunza, na kwenye simu pia tunatunza. Watu wa huku hatuna mkono wa birika. Mwanaamina kuna wiki alivuna sana, akatunza zote, tukapiga vigelegele mpaka shehe akatuma mtu.

Mwaka mzima huu tunatunza, mwanangu. Na si sisi tu, Mbwera wanatunza, Salale wanatunza.

Lakini nikwambie na miye. Wenzangu wameanza kuniuliza mbona hatusikii hata shukrani. Nikawaambia mpeni muda, mtoto ana kazi nyingi. Sasa weye unaniandikia kuniuliza kama vile hujui. Haya. Kama una sababu ya kutosema, usiseme. Miye shangazi yako najua kunyamaza.

Kula daku ushibe. Naishia hapa, nakuombea kwa Mungu.

Semeni


Kibiti, 11 Machi 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na saumu njema. Mimi nafunga vizuri, nafuturu kwa uji na maandazi ya mama wa chumba cha pili, ni mtu mwema. Mengine ya nyumbani sina leo. Nilipoisoma barua yako nilikaa chini sakafuni, nikabaki hapo na bahasha mapajani.

Hakuna anayetunzwa, shangazi. Hakuna mtu upande wa pili anayepokea. Hilo neno nililiandika mimi. Waliniletea la Kiingereza, maana yake weka punje zako ghalani zifungiwe mpaka mwaka wa mchezo uishe, ziongezeke, kisha uzichukue. Nikaandika TUNZA, kama mtu anavyotunza mbegu. Wakati ule nilikuwa bado ofisini Dar, kabla sijaanza kufanyia kazi huku Kibiti, nimezungukwa na watu wa bara, na kutunza kwa harusini hakukunipitia kichwani kabisa. Mimi, mtoto wa Kiongoroni!

Ngoja nikueleze ulivyo mchezo wenyewe uone kinachonitisha. Kila anayevuna, mchezo unamtengenezea punje mpya, na punje zinauzwa kwa pesa ya kweli kwenye soko la mtandaoni. Wakivuna wote wakauza wote, ni kama kaa wanapojaa Nyamisati siku moja, mnunuzi anashika pua na kutaja bei anayotaka yeye. Ndiyo maana lazima kuwe na pa kuingilia na pa kutokea. Ukinunua mbegu, ukirekebisha uzio uliovunjwa na kiboko, punje ulizolipa zinafutwa, hazirudi kwa mtu yeyote. Na anayekubali kuzifungia ghalani anapewa nyongeza kwa kusubiri kwake. Mchezo unaogawa tu bila kupunguza hauchukui muda kufa, na imekufa mingi. Huu wetu umedumu, na Haidari anasifiwa kwamba anajua kupanga zawadi.

Lakini nimeona kinachoudumisha. Ni ninyi. Watu wa huko mnafungia na hamuulizi, kwa sababu mnadhani mmeshatoa. Haidari ameliona zamani kwenye michoro yake ya hesabu, na mwenyewe huwa anasema, “Watu wa delta hawadai,” yaani sisi wa mdomoni mwa mto. Tarehe thelathini Aprili ghala linafunguliwa. Kanuni ndogo kule chini, kwa herufi ambazo hata mimi nazitazama kwa kukaza macho, inasema kisichochukuliwa ndani ya mwezi mmoja kinaingia mfuko wa zawadi. Yaani nyongeza za mwakani za wengine zitalipwa kwa punje zenu.

Nilimwomba tulibadilishe neno. Akasema neno ni sahihi, liko kwenye kamusi. Akasema nikilibadilisha sasa watu wote watatoa kwa mkupuo, bei itaanguka, na kuna vijana Mwanza na Arusha wanaolipia kodi kwa huu mchezo, nitawaambia nini? Na hilo ni kweli. Kisha akaniuliza, kwa upole tu, “Hivi nyumbani kwenu hasa ni kijiji gani?” Nikamwambia Utete. Sijui kwa nini nilidanganya. Ulimi ulikwenda wenyewe.

Tarehe thelathini ikifika, nenda kwa Mashavu uchukue zako kimya kimya. Usimwambie mtu. Nakuomba.

Yasmini


Kiongoroni, 5 Aprili 2025

Yasmini,

Idi imepita salama. Baba yako kavaa ile kanzu uliyomletea mwaka juzi, kaswali amesimama, wala hakuomba kiti. Mwanaamina kaniletea sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kitambaa chake kizuri.

Pilau hilo limenikwama. Eti nichukue zangu kimya kimya! Halafu nikamtazame Mwanaamina usoni na jicho gani? Nani kakufundisha hayo? Si miye.

Sasa tuache kuzungukana. Kuna jambo hukuniambia, na miye kuna jambo sikukwambia. Yule mwanamke akishatunzwa anasema, “Ahsante mama, Mungu akuzidishie,” kisha anacheka kidogo. Kile kicheko ni chako. Nimekulea tangu huna jino, nitakosaje kukijua? Siku ya kwanza niliyokisikia niliruka barazani nikawaita wote. Nikawaambia huyu ni Yasmini wetu, wamemtia kwenye mchezo, mtunzeni mtoto asiaibike mbele ya watu! Ndiyo wakaanza. Habari ikaenda Mbwera na Salale kwa mdomo wangu huu huu.

Umenielewa? Hawakumtunza mwanamke wa kwenye simu. Wamekutunza weye. Kila mtu huku anajua punje zote anazo Yasmini, na Yasmini kanyamaza. Ukasha anasema barazani kwamba umenunua kiwanja Kibiti. Kila akishuka na boti ananiuliza, “Shangazi, mtoto hajatuma kitu?” Anauliza akicheka, lakini hicho kicheko chake sikipendi.

Baba yako hajui habari ya sauti. Unajua alivyo kuhusu mabinti kuimba mbele za wanaume. Akipita barazani nawaambia wazime.

Niandikie karatasi niwasomee wanawake wote. Iandike kama mambo yalivyo, kosa la neno na kila kitu. Naogopa, mwanangu, siwezi kukuficha. Lakini naogopa zaidi waendelee kuamini wanachokiamini.

Semeni


Kibiti, 17 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sina salamu ndefu, nisamehe, msalimie baba.

Sauti ni yangu. Walimkosa mtu wa kurekodi, Haidari akasema jaribu wewe, ni sentensi moja tu. Nikafanya nikaona haya, nikamwomba Mungu baba asiisikie. Sikujua kwamba wewe umeisikia. Mwaka mzima mnanipigia vigelegele na mimi sijui! Nimelia, halafu nikaogopa, halafu nikalia tena. Wanadhani ninazo. Shangazi, mimi nalipwa mshahara ule ule, na kiwanja cha Kibiti sikijui.

Hii ndiyo karatasi ya kuwasomea:

“Mama zangu wa Kiongoroni, Mbwera na Salale. Mimi Yasmini binti Mfaume sikupokea hata punje moja. Neno TUNZA nililiandika vibaya. Punje zenu ziko ghalani, ni zenu, na kuanzia tarehe thelathini mnaweza kuzichukua. Lakini nawaomba, msichukue wote siku moja. Mkimwaga zote sokoni kwa pamoja hazitakuwa na bei, mtabaki na namba kwenye kioo. Chukueni kwa zamu, kijiji baada ya kijiji, nyumba baada ya nyumba, mpaka mwezi uishe. Anayetaka kuzifungia tena ziongezeke azifungie, lakini afungie akijua. Mkienda polepole kila mtu atapata, na hata wale wa Mwanza hawataumia. Nisameheni neno langu.”

Wasomee hadi mwisho, shangazi. Hilo la polepole lisome mara mbili.

Kuna jambo jingine. Jana mwanaume alikuja dukani kwa Iddy, hapa mbele ya nyumba, akauliza yule dada wa kampuni ya simu anaishi chumba kipi. Iddy akasema hamjui. Alivaa vizuri, akanunua maji, akakaa kwenye benchi akayanywa taratibu, akaondoka. Sijui katumwa na Haidari au anatoka huko kwetu. Ajabu ni kwamba sijui lipi ni baya zaidi.

Nampa Ukasha barua hii kwa sababu sina mwingine anayekuja huko wiki hii. Nimeibandika kwa gundi.

Yasmini


Kibiti, 9 Mei 2025

Shangazi,

Hujanijibu. Labda ni mvua, labda boti hazitembei, najiambia hivyo kila asubuhi.

Mliisoma karatasi yangu? Nilikuwa mbele ya kompyuta tarehe thelathini. Ghala lilipofunguka, delta yote ilitoa kwa pamoja, vijiji vyote, hakuna zamu, hakuna kusubiriana. Nilikuwa naona majina ya akaunti, mengine nayajua, nikawa naongea na kioo kama mwendawazimu, “Ngojeni, mama zangu, ngojeni!” Adhuhuri punje ilikuwa haina bei. Watu wa bara walipoona inaanguka nao wakakimbilia kuuza zao. Jioni mchezo ulikuwa umekwisha. Zawadi zote zile zilizopangwa kwa akili, kumbe zilisimama juu ya neno moja ambalo watu hawakulielewa.

Haidari alinipigia. Hakufoka. Angefoka ningepumua. Aliniuliza tu, “Wewe na watu wenu wa Kiongoroni mlikuwa mmepanga?” Mimi nilimwambia natoka Utete, shangazi. Nani kamwambia Kiongoroni?

Wamenifungia simu na kazi imekwisha. Wachezaji wa Mwanza wananitukana kwa sauti yangu mwenyewe, wamechukua kile kicheko wameweka na picha za matusi, kinazunguka, Iddy kanionyesha kwenye simu yake. Siwezi kuwajibu, na hata ningeweza, ningesema nini?

Barua hii anakuja nayo Sabra, muuguzi wa zahanati yenu. Sikumpa Ukasha kwa sababu nimekwenda Nyamisati mara mbili sikuiona boti yake.

Nijibu hata mstari mmoja.

Yasmini


Kiongoroni, 1 Juni 2025

Mwanangu,

Nakuandikia nyumbani kwa Sabra, na ni yeye atakayekupa mkononi. Usimpe mtu mwingine barua yoyote tena.

Baba yako yupo. Miye nipo. Hayo ndiyo mazuri ya huku.

Karatasi yako ilinifikia bahasha imeshafunguliwa. Gundi yako, weye mtoto! Ukasha aliifungua njiani. Akasoma penye “punje zenu ziko ghalani,” pa polepole akaparuka. Hakuniletea. Alikaa nayo. Akauza mashine ya boti, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wanaume wenzake huu mchezo ni upuuzi wa kike, niuzieni akaunti zenu. Wengine wakamuuzia kwa bei ya chumvi. Mashavu akamkuta anaisoma karatasi tena kwa kurunzi, akamnyang'anya, akaisoma yeye. Akatoka mbio na kanga moja akawaambia wanawake. Karatasi ilipofika mkononi kwangu kijiji kizima kilishajua, na kila mtu alijua kipande chake.

Niliwasomea, Yasmini. La polepole nililisoma mara mbili kama ulivyotaka, na la tatu nikaongeza mwenyewe. Nani asikilize? Kila mmoja alimwona Ukasha ndani ya mwenzake. Mwanaamina alisema, “Nikingoja zamu yangu nitakuta makapi.” Siku yenyewe ilipofika, waliokuwa karibu na mtandao walipata. Mwanaamina alikuwa shambani anafukuza nguruwe, akaja anakimbia na tope miguuni, akabonyeza, punje zipo lakini bei hakuna. Hajanisalimu mpaka leo. Miaka yote ile, hajanisalimu.

Miye sikubonyeza. Nilikaa na ile simu mapajani nikasema miye nilimtunza mtoto wangu, sikumkopesha, acha zife humo. Hasira ninayo, usidhani sina. Lakini si juu yako.

Baba yako kajua habari ya sauti. Ukasha ndiye aliyemwambia, mbele ya watu, wakitoka kuswali. Mzee alivaa viatu akaondoka. Alirudi ndani akalala mchana kutwa na kanzu yake. Usiku ule alimwomba Mashavu simu, akakisikiliza kile kicheko.

Sasa nisikilize. Ukasha hana mashine, hana boti, ana akaunti za watu zisizo na kitu, na anasema ulimwandikia yeye makusudi ili umfilisi. Kaondoka Ijumaa. Hakumuaga Mashavu. Kuna mtu mgeni aliyekuja hapa kijijini mwezi uliopita, kavaa vizuri, anauliza kwa Mfaume ni wapi, na yeye na Ukasha wameonekana Nyamisati wamekaa pamoja wanakunywa maji. Sijui huyo ni nani. Weye unaweza ukamjua.

Huku usije. Naliandika neno hili mara ya pili, usije, hata ukisikia baba yako anaumwa, hata ukisikia nimekufa miye. Hama hicho chumba, umwambie Sabra tu ulikohamia. Sabra akishanieleza, nitakuja mwenyewe. Nikifika sitabisha hodi wala sitakuita jina lako. Nitakuita lile nililokuwa nakuita ukiwa mdogo, la miye na weye, silitii kwenye karatasi.

Akija mtu akakuita Yasmini, hata kwa upole, hata kwa sauti ya mwanamke, usimfungulie.

Shangazi yako